Rimu kuingia si kufaa: Jinsi ya kuchagua saizi ya rimu na matairi ya gari la spoti

KATIKA barabara za Dar es Salaam, Arusha na Nairobi si ajabu siku hizi kukutana na Subaru Impreza, Toyota Altezza au Nissan Fairlady iliyoshushwa kidogo, ikiwa imevalishwa rimu zinazometa na matairi mafupi yanayokaribia kugusa madigadi.

Mengi ya magari hayo huingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika Japani, na jambo la kwanza ambalo wamiliki wengi hulifanya ni kubadili rimu. Wapo wanaofanya hivyo kwa ajili ya mwonekano, wapo ambao rimu zilizokuja na gari zimepinda, na wapo wachache wanaotaka gari likate kona vizuri zaidi.

Lengo liwe lolote, uamuzi huo mara nyingi hufanyika dukani kwa kutazama kwa macho tu. Muuzaji husema "hii inaingia", fundi huifunga, nati zikakaza, na mwenye gari akaondoka akiwa amefurahi.

Kuingia, hata hivyo, ni jambo moja na kufaa ni jambo jingine. Rimu inaweza kufunga vizuri leo, kisha miezi michache baadaye ikawa imeua beringi, imekata tairi kwa upande wa ndani au imeharibu giaboksi. Baya zaidi, tairi lisilo na uwezo wa kubeba uzito wa gari linaweza kupasuka likiwa katika mwendo mkubwa, na hapo hasara haitakuwa ya fedha peke yake.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo kila mwenye gari anaweza kuyapima kwa kalamu na karatasi kabla ya kutoa fedha zake. Mfano mkuu tutakaoutumia ni Impreza WRX ya kizazi cha pili, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2000 hadi 2007. Tumeichagua kwa sababu inafahamika sana katika ukanda wetu, na kwa sababu mfumo wake wa kusukuma magurudumu yote manne haumsamehe anayekosea hesabu. Kanuni zenyewe ni zile zile kwa gari lolote.

Anza kwa kusoma ubavu wa tairi

Kila tairi limeandikwa saizi yake ubavuni. Tuchukue 205/55R16, mojawapo ya saizi ambazo WRX ya kizazi hicho ilitoka nazo kiwandani.

Namba 205 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 55 si milimita bali ni asilimia: kimo cha ubavu wa tairi ni asilimia 55 ya upana wake. Herufi R huonyesha kuwa nyuzi za ndani ya tairi zimepangwa kwa mtindo wa radial, ambao ndio unaotumika katika karibu magari yote madogo ya leo. Namba 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Wengi hukosea katika namba ya pili. Huona 55 katika tairi moja na 55 katika tairi jingine, wakadhani matairi hayo yana kimo kimoja. Kumbe asilimia 55 ya milimita 205 ni karibu 113, ilhali asilimia 55 ya milimita 225 ni karibu 124. Tairi likipanuka bila asilimia kupunguzwa, huwa pia limerefuka.

Kabla ya kwenda dukani, fungua mlango wa dereva na utazame kibandiko kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango au ukingoni mwake. Hapo kiwanda kimeandika saizi ya tairi inayokubalika kwa gari hilo na upepo unaotakiwa. Saizi hiyo ndiyo msingi wa hesabu zote zinazofuata. Usitumie saizi ya matairi uliyoyakuta kwenye gari, kwa kuwa mmiliki aliyekutangulia huenda naye aliyabadili.

Kipenyo cha nje kisibadilike

Hii ndiyo kanuni ya kwanza. Rimu inaweza kuongezeka inchi, lakini tairi likishavalishwa, kimo cha gurudumu zima kinapaswa kubaki karibu na kile cha kiwandani. Rimu ikikua, ubavu wa tairi hauna budi kupungua.

Hesabu yake ni nyepesi. Zidisha inchi za rimu kwa 25.4 ili upate milimita, kisha ongeza vimo viwili vya ubavu, cha juu na cha chini. Kwa 205/55R16, rimu ni milimita 406.4, na vimo viwili vya ubavu ni milimita 225.5. Jumla ni milimita 632 kwa makadirio.

Ukilinganisha saizi nyingine na kipenyo hicho utapata matokeo haya:

215/45R17: milimita 625, pungufu kwa asilimia 1. Ubavu ni milimita 97.

225/45R17: milimita 634, zaidi kwa asilimia 0.4. Ubavu ni milimita 101.

225/40R18: milimita 637, zaidi kwa asilimia 0.8. Ubavu ni milimita 90.

225/35R19: milimita 640, zaidi kwa asilimia 1.3. Ubavu ni milimita 79.

215/55R17: milimita 668, zaidi kwa asilimia 5.8. Ubavu ni milimita 118.

Saizi nne za kwanza ziko karibu na kipenyo cha kiwandani. Ya tano, ambayo kwa jina inafanana sana na ya kwanza, imekwenda mbali. Mafundi wengi hupendelea tofauti isizidi asilimia 2, na asilimia 3 huchukuliwa kuwa ndiyo ukomo.

Kwa nini jambo hilo lina uzito? Mita ya mwendo kasi huhesabu mizunguko ya gurudumu, na gurudumu kubwa husafiri umbali mrefu zaidi kwa kila mzunguko. Gari lenye matairi yaliyozidi kwa asilimia 5.8 linaweza kuonyesha kilomita 100 kwa saa wakati kwa hakika linakwenda karibu 106.

Aidha, gurudumu kubwa hulifanya gari kuwa zito kuondoka, kana kwamba limewekewa gia ndefu zaidi. Mwenye gari la spoti aliyelipia rimu kubwa ili apate mwendo anaweza kujikuta amenunua gari lililopoa. Nalo gurudumu dogo kupita kiasi huipandisha injini mizunguko pasipo sababu na kulishusha tumbo la gari karibu na matuta.

Upana wa tairi na upana wa rimu

Rimu huwa na vipimo viwili vya ukubwa. Ikiandikwa 17x7, kipenyo chake ni inchi 17 na upana wake ni inchi 7. Kila saizi ya tairi ina kiwango cha upana wa rimu inachokubaliana nacho.

Tairi la 205/55R16 hukubali rimu ya upana wa inchi 5.5 hadi 7.5. La 215/45R17 hukubali inchi 7 hadi 8. La 225/45R17 hukubali inchi 7 hadi 8.5, na la 225/40R18 hukubali inchi 7.5 hadi 9.

Kuna mtindo wa kuvuta tairi jembamba juu ya rimu pana hadi ubavu ukalala kama paa la nyumba. Mtindo huo huvutia katika picha, lakini ukingo wa tairi hushika rimu kwa shida, na pigo la shimo huifikia rimu moja kwa moja kwa kuwa ubavu haupo tena kuilinda. Kinyume chake, tairi pana kwenye rimu nyembamba huvimba katikati, likayumba kwenye kona na kulika bila uwiano.

Matundu ya nati na kitovu cha rimu

Baada ya saizi ya tairi, angalia namna rimu inavyokaa kwenye gari. Kipimo cha kwanza ni idadi ya matundu ya nati na kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu hayo.

Impreza WRX ya kizazi cha pili ina matundu matano katika duara la milimita 100, na huandikwa 5x100. Impreza STI nayo ilikuwa hivyo hadi kiwanda kilipoihamishia kwenye 5x114.3 kuanzia modeli ya mwaka 2005. Kwa hiyo STI mbili zinazofanana machoni zinaweza zisibadilishane rimu. Altezza ina 5x114.3, na Mazda MX-5 ya kwanza ina matundu manne, yaani 4x100.

Tofauti ya milimita chache katika duara hilo haipuuzwi kamwe. Fundi anayelazimisha nati ziingie kwa kuzivuta pembeni anaziacha zikiwa zimekaa upande, na nati iliyokaa upande hulegea.

Kipimo cha pili ni tundu la katikati, linalokaa juu ya kitovu cha ekseli. Kitovu cha Impreza kina kipenyo cha milimita 56.1. Toyota Celica ya kizazi cha mwisho nayo ina 5x100, lakini tundu la katikati la rimu zake ni milimita 54.1. Mtu anayenunua rimu za Celica kwa ajili ya Impreza kwa kuwa "matundu ni yale yale" atagundua gereji kwamba rimu haziingii kwenye kitovu.

Rimu nyingi zinazouzwa kwa ajili ya magari mbalimbali hutengenezwa zikiwa na tundu kubwa la katikati, kwa mfano milimita 73.1, ili zitoshe magari mengi. Hizo huhitaji pete za kujazia nafasi, zenye kipenyo cha ndani kinacholingana na kitovu cha gari. Pete hizo ni za bei ndogo, lakini zikikosekana rimu haikai katikati sawasawa, na usukani huanza kutetemeka kwenye mwendo mkubwa hata baada ya matairi kubalansiwa mara tatu.

Usisahau nati zenyewe. Subaru, Nissan na Suzuki nyingi hutumia uzi wa milimita 12 kwa 1.25, wakati Toyota, Honda, Mazda na Mitsubishi nyingi hutumia 12 kwa 1.5. Nati ya uzi usiofanana huanza kuingia kwa tabu, na fundi akitumia nguvu hukata uzi wa bolti. Umbo la sehemu ya nati inayogusa rimu nalo lifanane na umbo la tundu. Rimu nyingi za kununua zinataka nati yenye ncha ya pia, na nati za kiwandani za baadhi ya magari hazina umbo hilo.

Ofseti, namba inayosahaulika

Nyuma ya rimu, mara nyingi karibu na matundu ya nati, huandikwa ET ikifuatiwa na namba kama 35, 48 au 55. Hiyo ndiyo ofseti, yaani umbali kwa milimita kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaogusa kitovu. Ofseti ikiwa kubwa, gurudumu huingia ndani ya gari. Ikiwa ndogo, gurudumu hutoka nje.

Impreza za kizazi hicho zilitoka kiwandani na ofseti kubwa, ya milimita 53 hadi 55. Rimu nyingi za dukani zina ofseti ndogo kuliko hiyo, na hapo ndipo matatizo ya kugusa madigadi yanapoanzia.

Tufanye hesabu. Tuseme rimu ya zamani ni 17x7 yenye ET55, na unayotaka kununua ni 17x8 yenye ET48. Rimu mpya imeongezeka inchi moja, yaani milimita 25.4, na nusu yake, milimita 12.7, huenda kila upande. Ofseti imepungua milimita 7, kwa hiyo gurudumu zima limesogea nje kwa milimita 7.

Upande wa nje, ukingo wa rimu utatoka kwa 12.7 kujumlisha 7, yaani milimita 19.7. Upande wa ndani, utasogelea shokapu kwa 12.7 kutoa 7, yaani milimita 5.7. Pima kwa rula nafasi iliyopo sasa pande zote mbili, nawe utajua kabla ya kununua kama rimu itapita.

Rimu hiyo hiyo ingekuwa na ET35, ingetoka nje kwa karibu milimita 33. Kwa Impreza isiyofanyiwa kazi ya bodi, tairi lingeweza kukutana na ukingo wa madigadi kila gari linapobonyea kwenye tuta au kubeba abiria wa nyuma.

Kutoka nje kupita kiasi kuna madhara mengine yasiyoonekana. Uzito wa gari huegemea mbali na beringi, nazo huchakaa mapema. Usukani nao huwa mzito na kuvutwa na kila mtaro wa barabara. Madhara hayo hayo huletwa na vipande vya speisa vinavyowekwa nyuma ya rimu ili kuisukuma nje, hasa vile vyembamba vinavyopunguza urefu wa uzi unaoshikwa na nati.

Breki nazo zipimwe. Kalipa kubwa za Brembo zilizofungwa kwenye STI huhitaji rimu ya inchi 17 au zaidi, na hata katika inchi 17 si kila umbo la rimu linaziacha huru. Njia ya uhakika ni kujaribu rimu tupu, kabla ya kuivalisha tairi, kisha kuizungusha kwa mkono.

Uzito na mwendo ambao tairi linaruhusu

Baada ya saizi, ubavu wa tairi huonyesha namba na herufi kama 91V au 87W. Wanunuzi wengi hawazitazami kabisa, ingawa ndizo zinazohusu maisha yao moja kwa moja.

Namba ni kielelezo cha mzigo. Namba 87 ina maana kwamba tairi moja hubeba kilo 545. Namba 88 ni kilo 560, namba 91 ni kilo 615, na namba 92 ni kilo 630. Herufi ni kiwango cha mwendo: T ni kilomita 190 kwa saa, H ni 210, V ni 240, na W ni 270.

Hapa kuna mtego kwa wanaoongeza inchi. Ubavu ukifupishwa, hewa iliyomo ndani ya tairi hupungua, na uwezo wa kubeba nao unaweza kushuka. Tairi la 205/55R16 mara nyingi huwa na namba 91, lakini la 225/40R18 la kawaida huwa na namba 88, ingawa ni pana zaidi. Ili kurudi kwenye uwezo wa mwanzo, unahitaji lile lililoimarishwa, lenye maandishi XL na namba 92. Tairi hilo nalo hubeba mzigo huo likijazwa upepo zaidi kuliko la kawaida.

Kanuni ni fupi: namba ya mzigo na herufi ya mwendo zisiwe chini ya zile za kiwandani. Muuzaji akikuambia tofauti hiyo haina maana, mtafute mwingine.

Kuhusu upepo, vibandiko vya magari ya Japani huandika kwa kilopaskali, wakati geji za vituo vyetu vya mafuta husoma kwa PSI. Kilopaskali 100 ni PSI 14.5, kwa hiyo 220 ni karibu PSI 32, na 230 ni karibu PSI 33. Pima asubuhi, matairi yakiwa bado ya baridi.

Magurudumu manne, saizi moja

Katika gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, kiwanda chenyewe wakati mwingine huweka matairi mapana zaidi nyuma. Nissan 350Z ya mwaka 2002, ambayo huku huitwa Fairlady, ilikuwa na toleo lenye 225/50R17 mbele na 235/50R17 nyuma.

Usiige jambo hilo kwenye Subaru. Impreza WRX husukuma magurudumu yote manne kwa wakati mmoja, na katikati ya mfumo kuna difu inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Magurudumu ya mbele yakiwa na mzingo tofauti na ya nyuma, difu hiyo hufanya kazi bila kupumzika hata gari likiwa limenyooka barabarani. Hupata joto, mafuta yake huchoka, na mwisho huharibika.

Mwongozo wa Subaru unaofahamika ni kwamba tofauti ya mzingo kati ya matairi manne isizidi robo ya inchi, yaani milimita 6 hivi. Hicho ni kiasi kidogo kuliko watu wanavyodhani.

Chukua mfano wa mtu aliyepata pancha isiyozibika. Matairi yake matatu yamebakiwa na kashata za kina cha milimita 3, naye ananunua tairi moja jipya lenye kina cha milimita 8. Tofauti ni milimita 5 kila upande, sawa na milimita 10 katika kipenyo. Zidisha kwa 3.14 nawe utapata tofauti ya mzingo ya zaidi ya milimita 31. Saizi iliyoandikwa ubavuni ni ile ile, lakini gari limevuka kiwango mara tano.

Ndiyo maana mwenye Subaru anashauriwa kununua matairi manne kwa pamoja, ya chapa moja na aina moja, na kuyabadilishana nafasi mara kwa mara ili yalike sawa. Fedha ambazo zingeongeza inchi moja ya rimu zina kazi bora zaidi hapo.

Barabara zetu zinataka nini?

Rimu kubwa ina manufaa yake. Ubavu mfupi haupindi sana kwenye kona, kwa hiyo gari huitika haraka usukani unapozungushwa. Rimu kubwa pia huacha nafasi ya breki kubwa.

Manufaa hayo yanahitaji lami laini. Ubavu wa tairi ni sehemu ya shokapu za gari. Ndio unaopokea pigo la kwanza la shimo. Kutoka 205/55R16 hadi 225/35R19 ubavu hupungua kutoka milimita 113 hadi 79, yaani karibu theluthi moja ya kinga hutoweka. Shimo lile lile ambalo jana lilitoa mshindo tu, leo linaweza kupinda rimu au kukata nyuzi za tairi na kuacha uvimbe ubavuni. Tairi lenye uvimbe wa namna hiyo halizibwi, hutupwa.

Wanaolijua gari hili zaidi ni madereva wa rali. Colin McRae alishinda Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997 akiendesha Subaru Impreza, na Richard Burns akafanya hivyo mwaka 2000 kwa gari la jina hilo hilo. Katika mashindano ya dunia ya rali, magari hutumia rimu za inchi 18 kwenye lami, lakini yakifika kwenye changarawe hurudi kwenye inchi 15 ili yapate matairi yenye ubavu mnene.

Hilo ni somo kwa mkazi wa mji ambaye safari yake ya kila siku inaanza kwenye lami na kuishia kwenye barabara ya vumbi ya mtaani. Kwa WRX ya matumizi ya kawaida, inchi 16 au 17 zinatosha kabisa. Inchi 18 zinamfaa anayetembea kwenye lami nzuri muda mwingi. Inchi 19 ni gharama ambayo barabara itaikusanya polepole.

Mtu akitaka gari lake likamate barabara vizuri zaidi, tairi bora la inchi 17 litamfaa kuliko tairi hafifu la inchi 18. Rimu nyepesi nayo humpa faida kuliko rimu kubwa, kwa sababu shokapu hupata kazi ndogo ya kulirudisha gurudumu chini baada ya kila pigo.

Tazama nyuma ya rimu na tarehe ya tairi

Katika maduka ya Gerezani jijini Dar es Salaam, au ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, rimu mpya na zilizotumika hukaa pamoja, na za kuiga hukaa karibu na za asili. Rimu za aloi zilizotengenezwa kwa viwango vya Japani hubeba alama ya JWL, na nyingine VIA, zikiwa zimechongwa au kumwagwa pamoja na chuma chenyewe. Alama peke yake inaweza kughushiwa, lakini rimu isiyo na maandishi yoyote ya saizi, ofseti na uzito inaoubeba haifai kukaribiwa.

Kwa rimu iliyotumika, omba izungushwe kwenye mashine ya kubalansi ukiwa umesimama hapo. Mashine huonyesha mpindo ambao jicho halioni. Kagua ukingo wa ndani, ambako nyufa na kazi za kuchomelea hufichwa chini ya rangi. Aloi iliyopasuka na kuchomelewa isikubebee familia.

Kwa tairi, tafuta namba nne zilizo mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata zote likawa limezeeka, kwa kuwa mpira hukauka hata ukiwa stoo.

Siku ya kufunga

Rimu zifungwe kwanza kwa mkono, kisha nati zikazwe kwa mtindo wa nyota, gari likiwa limeshushwa kidogo. Spana ya mwisho iwe ile inayopima nguvu, kwa kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha gari, si bunduki ya upepo. Baada ya kilomita 50 hadi 100, rudi ukakaze tena.

Kabla ya kuondoka gereji, kata usukani hadi mwisho kushoto na kulia, mbele na nyuma. Kisha pakia watu wanne, upite kwenye tuta taratibu ukisikiliza. Sauti ya msuguano ikitokea hapo, itatokea kwa nguvu zaidi kwenye mwendo mkubwa. Hatimaye fanya alaimenti, na usome mkataba wako wa bima ili ujue kama mabadiliko hayo yanapaswa kutolewa taarifa.

Anayekwenda dukani aende na karatasi yenye mambo saba: saizi ya tairi ya kiwandani, kipenyo cha nje, upana wa rimu, duara la nati, tundu la katikati, ofseti, na namba ya mzigo pamoja na herufi ya mwendo. Rimu itakayokubaliana na yote saba inunuliwe kwa amani, iwe inameta au haimeti. Itakayokataa hata moja iachwe dukani, kwa kuwa anayeketi juu yake kwenye barabara kuu usiku, akiwa na watoto nyuma, si muuzaji wala fundi.